Subaru: gari lililopewa jina la Kilimia

Ndugu msomaji, ziko angani nyota sita au saba zilizosongamana kama vifaranga chini ya mbawa za mama yao. Wazee wetu wa pwani waliziita Kilimia, kwa kuwa kwazo walijua majira ya kulima. Waarabu waliziita Thurayya, na jina hilo wamelichukua mabinti wengi wa Unguja na Maskati. Wajapani waliziita Subaru, neno linalobeba maana ya kukusanyika pamoja. Kwa hiyo anayepita barabarani na gari lenye nembo ya nyota sita katika rangi ya buluu amekibeba Kilimia mbele ya injini yake, ajue asijue.

Nimeona vyema tulizungumze gari hili wiki hii kwa sababu sifa zake miongoni mwetu zinapingana. Kwa baba wa familia anayeishi penye barabara ya udongo, ni gari la kuaminika. Kwa jirani aliyeamshwa usiku wa manane na mlio wa bomba la moshi, ni gari la wahuni. Kwa kijana anayeweka akiba anunue gari lake la kwanza, ni ndoto. Mwenye kutaka kuwapatanisha watatu hao hana budi kurejea kwenye asili ya gari lenyewe.

Kutoka angani hadi ardhini

Mwaka 1917 ofisa wa jeshi la majini la Japani, Chikuhei Nakajima, ambaye alikuwa mhandisi, aliacha utumishi akaanzisha karakana ya kuunda ndege katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma. Karakana hiyo ilikua ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya ndege nchini humo. Katika Vita vya Pili vya Dunia iliunda ndege za kivita pamoja na injini zake. Hata ile ndege mashuhuri iitwayo Zero, ambayo usanifu wake ni wa Mitsubishi, nyingi ziliundwa na Nakajima. Mwaka 1945 viwanda vilipigwa mabomu, Japani ikasalimu amri, na washindi wa vita wakapiga marufuku uundaji wa ndege. Kampuni ikagawanywa vipande vipande, na mafundi waliojua kukirusha chuma angani wakabaki bila kazi ya kufanya.

Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Mafundi wale walianza na kile kilichobaki ghalani. Mwaka 1946 walitengeneza skuta waliyoiita Rabbit, yaani sungura, na katika mfano wake wa mwanzo walitumia gurudumu la mkia wa ndege ya kivita. Watu waliokosa usafiri waliipokea kwa furaha. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana na mabaki ya Nakajima ziliungana na kuanzisha Fuji Heavy Industries. Kiongozi wake, Kenji Kita, ndiye aliyelichagua jina la Subaru kwa magari yao. Ile nyota kubwa katika nembo ni kampuni iliyozaliwa na muungano huo, na zile tano ndogo ni kampuni zilizoungana.

Gari lililowafikisha katika nyumba za watu lilikuja mwaka 1958, nalo ni Subaru 360. Mhandisi wake, Shinroku Momose, alikuwa ametoka kwenye ndege, akalipigia hesabu za ndege: uzito upunguzwe kila panapowezekana, na uimara utoke katika umbo la bodi badala ya fremu nzito chini yake. Injini ilikuwa ya ujazo wa cc 356 tu na uzito wa gari zima haukufika kilo 400, lakini watu wanne walienea ndani. Yaliundwa magari zaidi ya 390,000 ya aina hiyo. Mfanyakazi wa kipato cha kawaida, ambaye miaka michache kabla yake alitembea kwa miguu, sasa aliweza kumpakia mkewe na wanawe.

Gari hilohilo lilipopelekwa Marekani mwaka 1968 lilidharauliwa. Barabara za kule zilikuwa ndefu na za mwendo mkubwa, na magari mengine yalikuwa mazito. Mwaka 1969 jarida la walaji liitwalo Consumer Reports lilitangaza kwamba gari hilo halifai, likataja wepesi wake mbele ya ajali na unyonge wa mwendo wake. Mengi yalibaki viwanjani bila wanunuzi. Gari lilikuwa lilelile lililosifiwa Japani. Kilichobadilika ni barabara na mahitaji ya mnunuzi. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Gari la watu wa theluji

Mambo mawili ndiyo yaliyoipa Subaru tabia yake ya leo. La kwanza ni injini, iliyoanza na Subaru 1000 ya mwaka 1966. Katika magari mengi pistoni husimama wima na kupanda na kushuka. Katika injini hii pistoni zimelala ubavu, nusu kulia na nusu kushoto, na zinazotazamana hutoka pamoja na kurudi pamoja, mithili ya mabondia wawili wanaorushiana ngumi. Ndiyo maana ikaitwa injini ya boksa. Msukumo wa upande mmoja hupozwa na msukumo wa upande wa pili, hivyo mtikisiko hupungua. Na kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, karibu na ardhi, na gari halina haraka ya kuinama linapokata kona.

Jambo la pili ni magurudumu manne, yaani foo-wili kama tunavyosema mitaani, na hili lilitokana na shida ya watu wa kazi. Kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Honshu theluji huanguka kwa wingi, na kampuni ya umeme ya Tohoku ilikuwa na mafundi wanaopaswa kuzikagua nyaya milimani majira yote. Walitumia jipu, gari lenye nguvu lakini lenye baridi na lisilo na raha. Waliuliza kama haiwezekani kupata gari la kawaida, lenye joto na nafasi, ambalo lingepita kwenye theluji vilevile. Wakala wa Subaru katika mkoa wa Miyagi alilichukua gari dogo la mizigo akaliunganisha na ekseli ya nyuma iliyopewa nguvu. Jaribio likafaulu, kiwanda kikalipokea wazo, na mwaka 1972 likatoka Leone la magurudumu manne, gari la abiria lililouzwa kwa umma.

Ni hapo ndipo Marekani ilipofunguka. Walioinunua Subaru kule walikuwa wakazi wa majimbo ya milima na theluji. Baadaye, katika miaka ya 1990, kampuni ilipojaribu kuuza magari ya fahari na kupata hasara, iliwachunguza wateja wake waaminifu ikawakuta ni walimu, watumishi wa afya, wataalamu wa kompyuta na watu wanaopenda milima na misitu. Walikuwa watu wanaotaka kufika kazini hata hali ya hewa ikiharibika. Kampuni ikaacha kushindana kwa fahari, ikawahudumia hao.

Funzo la Safari Rally

Umaarufu wa mwendo ulitoka kwenye mashindano. Madereva watatu wamekuwa mabingwa wa dunia wa mbio za magari wakiendesha Impreza: Colin McRae mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Kwetu Afrika Mashariki habari ya kukumbukwa zaidi ni ya Safari Rally ya mwaka 1993 nchini Kenya. Subaru ilileta vigari vidogo vya Vivio, vyenye injini isiyozidi cc 660. McRae, kijana wa Scotland mwenye kasi ya kutisha, alikwenda nacho mbio mpaka kikaharibika njiani. Mkenya Patrick Njiru, aliyezijua njia za nchi yake na kuyaonea huruma magurudumu, alikifikisha cha kwake mwisho akashinda daraja lake. Mwaka uliofuata, akiwa na Impreza, Njiru alishika nafasi ya nne katika mashindano yote. McRae naye alirudi mwaka 1997 akaishinda Safari.

Vijana wetu wameichukua kasi ya McRae na kuuacha ustahimilivu wa Njiru. Wengi hulinunua gari kwa ajili ya ule mngurumo wake, kisha hukata bomba la moshi ili uzidi. Ni vizuri wajue unatoka wapi. Katika injini za zamani za aina hii, mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda hayakuwa na urefu sawa, hivyo moshi ulifika kwa mapigo yasiyolingana, na huo ndio mngurumo. Katika aina za baadaye mabomba yaliposawazishwa, mlio ukapoa na nguvu ikabaki. Anayekata bomba ananunua kelele tupu, na wanaoilipa ni mgonjwa na mtoto mchanga wa nyumba ya pili.

Lipo kosa la hatari zaidi. Madereva wengi huamini kwamba gari la magurudumu manne ni salama kwenye mvua kwa kila hali. Magurudumu manne husaidia gari kuondoka, kupanda mlima na kutoka kwenye tope. Hayasaidii kusimama. Kila gari, liwe linavutwa na magurudumu mawili au manne, lina breki katika magurudumu yote manne, na kwenye lami iliyolowa husimama kwa kutegemea matairi yake na mwendo wake. Dereva wa Subaru huondoka kwa wepesi hata asihisi utelezi uliopo, kisha huukuta utelezi huo anapokanyaga breki. Mama anayempa mwanawe ufunguo na amwambie hili kabla ya masika.

Kabla ya kulipa

Sifa za kampuni zisitufumbe macho. Mwezi wa Oktoba mwaka 2017, mwaka uleule Fuji Heavy Industries ilipobadili jina rasmi kuwa Subaru, ilibainika kwamba ukaguzi wa mwisho viwandani nchini Japani ulikuwa ukifanywa na watu wasio na idhini, na kwamba desturi hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Wakuu wake waliomba radhi hadharani, na karibu magari 400,000 yakaitwa yakaguliwe upya. Jina kubwa halimwondolei mnunuzi wajibu wa kuangalia.

Basi anayetaka kununua aanze kwa kuhakikisha kama gari ni la magurudumu manne kweli, kwani ziko Impreza zilizouzwa Japani zikivutwa na magurudumu ya mbele tu. Kisha aulize habari ya mkanda wa taimingi: injini za zamani za EJ huutumia, na kwa nyingi kati yake mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, injini ikaharibika. Zile za FB, zilizoanza mwaka 2010, hutumia mnyororo. Injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinajulikana kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi, kwa hiyo fundi atazame dalili za maji na oili kuchanganyika, na gari lichemshwe vya kutosha kabla ya kulipiwa. Tena, kwa kuwa magurudumu yote manne yamefungamanishwa, matairi lazima yafanane kwa ukubwa na kwa kulika. Desturi yetu ya kubadilisha tairi moja moja kwa la mtumba la aina nyingine huichosha giaboksi pole pole, na gharama yake huja kwa mkupuo.

Mwisho, familia ikae pamoja iulizane: barabara yetu ikoje, tuko wangapi, na fundi anayeijua injini hii yuko umbali gani? Anayekaa mjini penye lami, akienda kazini na kurudi, aweza kulipia mafuta ya magurudumu manne mwaka mzima asiyahitaji hata siku moja. Gari dogo la kawaida litamfaa, na fedha itakayobaki italipa karo. Bali mwalimu wa shule ya mlimani, mkunga anayeitwa usiku wakati wa mvua, au mkulima anayeshusha mazao kwenye njia ya utelezi, hao ndio ndugu wa mafundi wa umeme wa Tohoku, na gari hili liliundwa kwa ajili ya watu wenye shida kama yao. Wakilipata lililotunzwa, wataelewa kwa nini wenye nalo hawapendi kuliuza.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Wabillahi tawfiq.