Pampu Kubwa Haitaokoa Injini Yako

Kila wiki kuna msee ananiandikia: "Buda, taa ya oili kwa Beetle yangu inawaka, nionyeshe pampu kubwa ya kununua." Wengine wana ndoto za juu zaidi, wanauliza kuhusu Porsche 911 ya zamani, zile za kupozwa na hewa. Jibu langu ni lile lile na najua linaudhi watu: wacha kwanza hiyo pampu.

Nasema hivi kwa sababu nililipia hili somo. Guka aliniachia Beetle yake ya 1967. Mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, kwa hivyo nilijiona fundi nusu. Injini ikishapata moto na tuko kwa jam, taa ya oili ilikuwa inamulika-mulika. Nikaingia mtandaoni, nikanunua pampu yenye gia za milimita 30, kubwa kuliko ile iliyokuwa ndani. Muuzaji akaniambia inaingia Beetle zote. Na iliingia kweli, lakini kwa kukazwa na spana. Nilipozungusha puli kwa mkono nikasikia kitu kinasagika ndani. Nikajidanganya kwamba ni upya wa kifaa, itazoea.

Haikuzoea. Unaona, kwa Beetle pampu inakaa nyuma kabisa, chini ya puli, na inazungushwa na mwisho wa kamshafti. Hiyo kamshafti ina gia yake, na gia ziko aina mbili. Za zamani ni bapa. Kuanzia karibu 1971 wakaleta gia iliyobonyea katikati kama sahani, ndio pampu ndefu ipate nafasi. Yangu ilikuwa bapa, pampu niliyonunua ilikuwa ya sahani. Mwili wa pampu ukawa unakula gia ya kamshafti kila mzunguko. Na Beetle ilitoka kiwandani bila filta ya oili, iko na wavu tu chini, kama chujio ya chai. Vile vyuma vidogo vikatembea na lita mbili na nusu za oili hadi kwa beringi. Kufungua injini yote na kuijenga upya kulinigharimu zaidi ya mara kumi ya bei ya pampu.

Mzee aliyeifungua hakunigombeza. Aliweka pampu mbili mezani, ya guka na yangu, akaniuliza, "Kijana, ulipima?" Nikanyamaza. Akachukua pampu ya guka, akaweka rula juu ya mdomo wake na kupitisha feela geji kati ya rula na gia. Nafasi haifai kupita milimita 0.1. Ya guka ilikuwa sawa kabisa. Pampu haikuwa mgonjwa. Beringi ndizo zilikuwa zimeisha, na mimi nilikuwa nimetumia oili nyepesi sana.

Hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Pampu ya gia haitengenezi presha. Inasukuma oili, basi. Presha inatokea kwa sababu oili inapata shida kupita kwenye nafasi ndogo za beringi. Beringi zikilegea, oili inapita bure na presha inashuka. Ukiweka pampu kubwa juu ya hiyo injini, geji itapanda na utafurahi, lakini ni kama kumpa mtu wa malaria Panadol. Homa inashuka, vimelea bado viko.

Na kwa injini nzima, pampu kubwa kupita kiasi inaleta kesi zake. Asubuhi oili ikiwa baridi ni nzito kama asali. Valvu ya kupunguza presha inafaa ifunguke na kuachilia ile ya ziada, lakini ina kikomo chake, na ikikwama kwa uchafu ndio noma kabisa. Rejeta ya oili inaweza kupasuka, ama filta uliyojifungia mwenyewe ivimbe. Hiyo ndiyo sababu kesi za Beetle kuanzia 1970 zina valvu mbili na njia pana za oili. Ya 1967 ina moja.

Sasa wale wa 911. Nawaelewa. Safari Classic ikija, hizo gari zikipita kwa vumbi unasikia injini mpaka kwa kifua. Björn Waldegård aliishinda 2011 na 911 akiwa na miaka 68, na 1978 Vic Preston Jr alimaliza Safari ya kawaida nambari mbili ndani ya 911. Injini inayoweza kula hizo barabara haina mchezo kwa mambo ya oili.

Lakini pampu yake ni mnyama mwingine. 911 ni sampu kavu: oili haikai chini ya injini, inakaa kwa tangi yake pembeni. Kwa hivyo pampu ina vyumba viwili. Kimoja kinasukuma oili kwenda kwa beringi, kingine kinafyonza ile iliyoanguka chini na kuirudisha kwa tangi. Cha kufyonza kinafaa kuwa kikubwa zaidi, kwa sababu kinavuta oili pamoja na hewa. Mtu akikusifia pampu kwa kutaja upande wa presha tu, amekuambia nusu ya hadithi. Oili ikibaki chini inapigwa na krankishafti mpaka inatoka povu, na povu halilindi beringi.

Kuna kitu kingine kinachonitia baridi. Pampu ya Beetle unaitoa gari ikiwa hapo kwa plot, nati nne tu ukishaondoa puli na mabati. Ya 911 iko ndani ya kesi. Kuifikia ni kushusha injini na kuipasua katikati. Hakuna kujaribu uone. Na kuanzia kesi za 1976 Porsche walibadilisha njia ya oili ya ziada: badala ya kumwagwa chini ndani ya injini, inarudishwa kwenye mdomo wa pampu. Kwa hivyo kutoa pampu ya Turbo na kuitia kwa kesi ya zamani sio kufunga bolti tu, kesi yenyewe inafaa kufanyiwa kazi. Anayekuuzia bila kukuuliza kesi yako ni ya mwaka gani, mkimbie.

Nambari za Porsche zinasaidia, tarakimu tatu za kwanza zinakuonyesha familia: 901, 911, 930 ya Turbo. Ila nambari iliyoumbwa kwenye chuma sio lazima iwe ile ya kwenye katalogi, na injini ya miaka 50 imeshafunguliwa na watu usiowajua. Guka mwenyewe hakujua kamshafti yake ni gani.

Kwa hivyo kabla hujaniuliza ni pampu gani poa, nunua geji ya presha ya kufunga kwa mkono, kwa sababu kihisio cha zamani kinadanganya sana. Pasha injini moto kabisa. Ukipata karibu psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, pampu yako iko sawa, kaa na doo yako. Usipopata, nitumie picha ya nambari ya injini, picha ya gia ya kamshafti, na unene wa oili uliyoweka. Bila hizo tatu sitakujibu, hata ukiniita buda mara ngapi.