Vijumba vya kiwandani: tunatamani udogo au mlango wetu wenyewe?

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na picha ya kijumba cheupe kimetuama kwenye majani, ukuta mmoja kioo, ndani kitanda, kochi, jiko dogo na ua moja kwenye chungu. Chini yake vijana wenzangu wanaandika "hiki kinanitosha kabisa". Wengine wanauliza bei, na kama kinaweza kufika Bongo kwa kontena. Naona tulijadili, maana wapo wanaotaka kutoa hela kweli.

Nyumba ya kiwandani si kitu kipya. Kule Marekani kampuni ya Sears iliuza nyumba kwa katalogi kuanzia 1908 mpaka 1940, zinakadiriwa kufika 70,000 hivi. Mbao zinakuja zimeshakatwa, mnunuzi anaunganisha. Hii ya kuishi padogo kwa kupenda ilipata nguvu baada ya kimbunga Katrina cha 2005, pale mbunifu Marianne Cusato alipochora kijumba cha futi za mraba 308 ili waathirika wapate kitu bora kuliko matrela ya serikali. Halafu ukaja msukosuko wa uchumi wa 2008. Watu walipokonywa nyumba kwa mikopo, na kijumba kisicho na deni kikaonekana ukombozi. Mwenzetu alikuwa anakimbia mkopo wa miaka 30.

Sasa sisi tunakimbia nini? Dar hii watu kibao wanaishi kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, Manzese, Mbagala, Tandale. Hiyo ni kama mita za mraba 9. Kule Tokyo kulikuwa na jengo la Nakagin la msanifu Kisho Kurokawa, lilimalizika 1972, visanduku 140 vilivyotengenezwa kiwandani na kupachikwa juu ya nguzo mbili, kila kimoja kama mita za mraba 10. Wasanifu wa dunia nzima walikuwa wanakwenda kulishangaa, na lilipobomolewa 2022 baadhi ya visanduku vikahifadhiwa vizuri tu. Jamani, si ni ukubwa uleule wa chumba cha Manzese!

Ila kisanduku cha Tokyo kilikuwa na mlango wa mtu mmoja, na bafu na choo humo humo ndani. Chumba chetu kina korido ya wapangaji wote, choo cha uani cha kupanga foleni, na kodi ya miezi sita unailipa kabla hujaweka hata godoro. Kwa hiyo kijana anayeandika "kinanitosha" udogo anao tayari. Anachotamani ni ufunguo wake, choo chake, na asije mtu mwezi wa sita kumwambia kodi imepanda.

Tukishakubaliana hapo, tuangalie bei. Kampuni ya Boxabl ya Marekani ilipoitangaza Casita yake, ya futi za mraba 361, yenye kukunjika ikasafirishwa, ilisema dola 49,500. (Elon Musk naye aliandika 2021 kwamba nyumba yake kuu ni ya dola kama 50,000, tena anapanga kwa SpaceX. Tajiri akipanga inakuwa habari.) Hiyo ni bei ya nyumba tu. Kiwanja juu yako. Meli, ushuru, lori, msingi, kuvuta umeme, kuvuta maji na kuchimba shimo la choo, vyote juu yako.

Na hela yenyewe inatakiwa kwa mkupuo. Hapa ndipo tofali linapoishinda teknolojia. Fundi wa mtaani hakudai nyumba nzima leo: unanunua kiwanja Chanika, unakaa mwaka, unamwaga msingi, unanyanyua boma, unasubiri bati, unahamia madirisha hayana vioo. Inachosha na mapagale yamejaa kila kona, lakini mtu mwenye kipato cha kubangaiza anajenga bila riba. Kijumba cha kiwandani huwezi kukinunua ukuta mmoja mmoja. Utakwenda benki, na benki itataka hati na mshahara.

Halafu zile picha zina siri nyingine. Vitu vichache vinawezekana pale ambapo huduma zipo. Mto Ruvu ulipopungua 2022 na mgao wa maji ukashika Dar, kila nyumba ilikuwa na madumu, ndoo na mapipa. Wapi utayaweka kwenye kijumba cheupe? Na shangazi akija kutibiwa wiki tatu, analala kwenye chungu cha ua?

Joto nalo. Waulizeni askari polisi wa Kenya na Uganda walioishi na familia kwenye vijumba vya mviringo vya bati, yunipoti. Vile vilitengenezwa kiwandani, vidogo, vinahamishika. Uganda wakavibatiza jina la utani la kumwambia mama aingie pole pole, maana mlango wenyewe wa kuinama. Sikuona mtu akiviita ndoto.

Lakini sipingi moja kwa moja. Bomoabomoa ya barabara ya Morogoro ya 2017, kuanzia Kimara, iliacha watu wanatazama kifusi. Nyumba ya kufungua bolti ungeihamisha usiku. Na kiwanda si lazima kiwe Ulaya: Shirika la Nyumba la Kenya lilijenga kiwanda cha paneli za povu na waya huko Mavoko, unasimamisha ukuta kisha unaupiga plasta, na Fumba kule Unguja zimejengwa nyumba za mbao kwa vipande vilivyoandaliwa kabla. Mtu akituletea paneli za kununua kidogo kidogo kama tunavyonunua tofali, chumba kimoja na choo mwaka huu, sebule mwaka ujao, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Wadau mliojenga kwa paneli, Kenya, Zanzibar au bara, tuwekeeni hapo chini gharama ya mita moja ya ukuta mpaka plasta, na fundi mlimpata wapi. Msitaje bei ya muuzaji tu.