Ndoo 200 zilikwenda wapi?

Wakaaji wa Beni, vijana wenzetu,

Kila mutu hapa mujini anajua magari meupe ya mashirika. Tunayaona asubuhi yakielekea Oicha, tunayaona mangaribi yakirudi na vumbi. Lakini kuko biro moja ndogo, mara nyingi karibu na depo, ambayo wachache tu wanaijua. Ndani yake ndipo musaada unaamuliwa, mbele hata mama mumoja hajapanga mulolongo. Ni biro ya manunuzi. Leo tunaongea juu ya biro ile.

Tuanze kwa kueleza kazi yenyewe, juu mutu hawezi kudai haki katika kitu asichokijua. Timu ya maji inasema: tunahitaji ndoo 2000 kwa familia zilizokimbia vita. Mununuzi anaandika ni ndoo ya namna gani: litri ngapi, plastiki nzito kiasi gani, iko na kifuniko ao hapana. Kama makuta ni kidogo, anaomba proforma tatu kwa wauzaji watatu. Kama ni mengi, anatoa tangazo, ile tunaita apeli dofre. Bahasha zinaletwa zimefungwa, komite inazifungua pamoja, inalinganisha bei na ubora, inaandika na kutia sahihi. Kiisha pale ndoo zinaagizwa. Zikifika ku depo, mutu mwingine anazihesabu, na mwingine tena ndiye analipa. Anayeomba si yeye anachagua, anayechagua si yeye anapokea, anayepokea si yeye analipa.

Sheria hiyo haikutungwa ili kusumbua watu. Makuta yale ni ya raia wa inchi za mbali waliolipa kodi yao, na yanatoka kwa jina la mama aliyekimbia Eringeti na watoto mugongoni. Mununuzi anayeheshimu kazi yake anamulinda mama yule hata kama hawataonana.

Shida ni kama sheria yote inaweza kuheshimiwa ku karatasi na kuvunjwa nyuma ya mulango. Proforma tatu ziko ndani ya dosie, na mihuri tatu, lakini zote zimetoka ku kompyuta moja ya bwana mumoja. Soko kubwa linakatwa vipande vinne vidogo, ili lisifike ku kiwango cha kutoa tangazo. Ao tangazo linatoka kweli, lakini limebandikwa siku ya tano jioni na bahasha zinafungwa siku ya kwanza asubuhi. Aliyeambiwa mbele yuko tayari. Wewe ungali unatafuta mahali pa kutoa fotokopi.

Tunasema hivi juu tuliyaona. Sisi ni vijana watano wenye diploma na bila kazi. Tuliacha kungojea, tukaunda kampuni kidogo. Tulipata karatasi zote wanazoomba: RCCM, Id. Nat., namba ya kodi, konti ya benki. Kila karatasi ilitugharimu, na makuta mengine tulikopa kwa wazazi. Kiisha tukatia bei yetu kwa soko la ndoo na sabuni. Tulizunguka kwa wauzaji wa jumla hapa na Butembo mupaka tukapata bei nzuri. Siku tatu kiisha kutoa bahasha, simu ikalia. Sauti ilikuwa ya upole kabisa. Ilituuliza: "Vijana, bei yenu si mbaya. Lakini mutatuachia ngapi?"

Hatutadanganya mutu hapa. Tulijadiliana usiku muzima. Wawili kati yetu walisema tukubali: kila mutu anafanya hivyo, tukikataa mwingine atalipa, na deni la wazazi litabaki palepale. Haikuwa maneno ya watu wabaya. Ilikuwa maneno ya watu wenye njaa. Mwisho tulikataa, watatu kwa wawili. Mupaka leo hatujapokea jibu, hata la kusema mulishindwa. Na sisi ni wale wale tulikuwa tunaita vile, kwa kucheka, "opération retour". Kiisha siku ile hatucheki tena.

Tuhesabu pamoja. Ndoo 2000 kwa dola 4 ni dola 8000. Mutu akitaka sehemu ya kumi, ni dola 800. Muuzaji hatazitoa mufukoni mwake. Ao ataleta ndoo 1800, na mwenye kuhesabu ku depo atafunga macho, ao ataleta zote 2000 za plastiki nyepesi, zinazopasuka kiisha wiki mbili kwa njia ya kisima. Ni ndoo 200 zimegeuka kuwa simu mupya ya mutu fulani. Ku ripoti, familia 2000 zimesaidiwa. Picha ziko, sahihi ziko. Lakini mama wa Eringeti anateka maji na bidoni iliyotoboka.

Sisi wa Beni tulikwisha kulipa somo hili kwa bei kali. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu zaidi ya 2200, ndugu zetu na jirani zetu. Katika miaka ile makuta yaliingia hapa kama mvua, na watu waliona magari ya kukodi, masoko na kazi vikienda kwa wenye mukono mrefu. Raia wakalipa jina lao: "Ebola business". Pale mutu anaona musaada kama biashara ya wakubwa, anaanza kuona hata chanjo kama biashara. Machi 2020, aliyekuwa waziri wa afya alihukumiwa kifungo cha miaka 5 juu ya makuta ya Ebola. Mwaka ule ule, uchunguzi ulioagizwa na mashirika yenyewe ulionyesha kama ndani ya misaada ya Kongo wauzaji wanalipa asilimia ili wapate soko. Basi hakuna mutu mukubwa anayeweza kusema leo kama hakujua.

Tunajua pia upande wa pili. Wako wanunuzi wanaokataa, na tunawaheshimu. Mutu ana mukataba wa miezi mitatu, shemeji anampigia simu, kiongozi wa mutaa anampigia simu, mukubwa wake anamwambia fanya haraka. Kusema hapana katika hali ile ni ushujaa. Lakini musaada wa watu hauwezi kutegemea ushujaa wa mutu mumoja.

Ndiyo maana tunadai mambo manne, kwa mashirika yote yanayonunua hapa Beni.

Ya kwanza: kila soko likiisha, mubandike ku mulango ni nani alishinda, kwa bei gani, na wangapi walishindana. Raia ataweza kulinganisha bei ile na bei ya soko la muji.

Ya pili: anayeshindwa ajibiwe kwa barua, na sababu. Ukimya ndio kificho cha wezi.

Ya tatu: mugawe masoko makubwa kwa mafungu ambayo wauzaji wa hapa wanaweza, lakini kwa tangazo moja la wazi kwa wote. Na mulipe kwa wakati. Muuzaji mudogo anayengoja siku 60 anakufa, na mukubwa anabaki peke yake.

Ya ine: namba ya kutoa malalamiko isijibiwe na biro ile ile inayolalamikiwa.

Na la tano linatuhusu sisi vijana. Tunapenda kupiga kelele mbele ya milango ya wengine. Kesho mumoja wetu atapata kazi ku biro ile, na siku ya kwanza simu itakuwa mukononi mwake yeye. Atauliza "mutatuachia ngapi?" ao atanyamaza na kufungua bahasha? Inchi haitabadilika kama tunangoja tu zamu yetu ya kula.

Watano wetu tungali na deni. Bado tunatafuta soko, na tutatia bahasha tena. Kama simu italia, jibu letu liko tayari, na mara hii tutalisema wote watano.

Musaada wa aliyekimbia si wa kugawana. Kama uliombwa sehemu ya kumi, usilipe, na usinyamaze.