Programu ya HDR: Lipa Ukishalipwa

Wasee, tuambiane ukweli. Ukipiga picha 3 za machweo pale Uhuru Park, moja giza, moja kawaida, moja angavu, kazi ya programu ni kuziunganisha tu. Lightroom inaunganisha poa, lakini bila kulipia kila mwezi inakufungia. Photomatix ya majaribio inaacha chapa juu ya picha. Luminance HDR na Darktable ni za bure, tena halali.

Mimi nilianza na ya wizi. Ikaleta virusi, picha za harusi ya mteja zikaenda, na pesa nikarudisha. Kwa hivyo anza na ya bure, jifunze, ulipie ukishaanza kulipwa. Na manze, usiongeze makali hadi mawingu yakae moshi wa matatu!