Fahali ana jina, na anayemlisha je?

Kama ushawahi kufika Khayega au Malinya asubuhi ya vita vya fahali, stori unaijua. Jua halijachomoza vizuri na isukuti ishaanza kulia. Watu wanakimbia nyuma ya fahali, matawi mkononi. Uwanjani fahali wawili wanashikana pembe hadi mmoja ageuke atoroke. Basi, mchezo umeisha. Si kama Uhispania, huku hakuna mtu wa upanga.

Sasa nikuulize. Fahali maarufu unawajua kwa majina. Wenye fahali pia unawajua, si hata Seneta Boni Khalwale anaitwa "Bullfighter"? Lakini yule jamaa anayeamka usiku kukata nyasi, anayemuogesha fahali na kumzoeza, jina lake unalijua?

Twende Japani kidogo. Kuna mzee anaitwa Yoshito Yahagi, mkufunzi wa farasi wa mbio. Usidhani alianza na bahati. Mtihani wa leseni ya ukufunzi ulimwangusha mara 13, akapita mara ya 14. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili, hiyo namba inanipa moyo. Mwaka wa 2020 farasi wake Contrail alishinda mbio tatu kubwa za Japani bila kushindwa hata mara moja. Mwaka wa 2025 Forever Young akashinda Saudi Cup, yenye zawadi ya dola milioni 20, halafu akaenda Marekani akawa farasi wa kwanza kutoka Japani kushinda Breeders' Cup Classic.

Lakini kilichonishika si hizo pesa, ni vile zinagawanywa. Kwa mbio za kitaifa za Japani, mwenye farasi huchukua asilimia 80 ya zawadi, mkufunzi 10, mpanda farasi 5, na mtunza farasi, yule wa kusafisha zizi, 5. Farasi akishinda, mtunzaji hangojei mdosi aamke na roho safi. Fungu lake linajulikana kabla mbio hazijaanza.

Rudi Kakamega. Fahali akishinda, noti zinarushwa, mwenye fahali anabebwa juu juu. Mtunzaji anapata nini? Muulize ukikutana naye. Ukisikia "inategemea", ujue hapo hakuna mpango.

Na hii kazi si mchezo. Januari 2024, fahali wa Khalwale aliyeitwa Inasio alimuua mtunzaji wake, mtu aliyekuwa amefanya kazi hapo miaka mingi. Seneta akamchoma fahali mkuki. Nchi nzima ikabishana kuhusu mkuki na mila. Wachache sana waliuliza swali la maana: mtunzaji wa fahali akifa kazini, familia yake inalindwa na nani?

Najua utaniambia, "Boss, hii ni mila, usituletee mambo ya ofisi." Sawa. Lakini ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliandikwa na UNESCO mwaka wa 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, na haikuacha kuwa mila kwa sababu iko kwa karatasi. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Mwaka huo huo ikaja sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kwa fahali".

Kwa hivyo wewe unayeenda uwanjani na simu kurekodi, anza na kitu kidogo. Ukiposti fahali aliyeshinda, weka pia jina la mtunzaji, kama amekubali. Na kama ni babako au mjomba wako mwenye fahali, muulize leo jioni, kwa heshima: fungu la kijana wa zizi ni ngapi, na limeandikwa wapi?