Bwana Shamba Azungumza: Ua wa Uwanja wa Ndege ni wa Nani?



Mwezi huu nitaliweka jembe kando kidogo. Sitazungumza juu ya mikorosho wala mahindi. Nitazungumza juu ya ndege. Usishangae. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba tumerudi shambani.

Jioni moja, baada ya darasa la kisomo, mzee mmoja wa hapa Namasakata aliniuliza swali. Alisema, "Bwana shamba, redioni tunasikia habari za ulinzi wa viwanja vya ndege. Sisi ndege tunaziona juu tu, ndogo kama kunguru. Jambo hilo linatuhusu nini sisi watu wa jembe?"

Swali lake ni zuri. Sikulijibu siku ile. Leo nalijibu.

KISU CHANGU CHA KUBEBESHEA

Kwanza nitakueleza kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye semina ya mbali. Nilikwenda kwa ndege. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Katika mfuko wangu wa mkononi niliweka daftari, shati moja, na kisu cha kubebeshea miche ya mikorosho. Kisu hicho nilikuwa nacho tangu nilipomaliza chuo cha kilimo.

Pale uwanjani mfuko wangu ulipita katika mashine ya kukagulia mizigo. Askari mmoja, kijana, akaniita pembeni. Akasema, "Mzee, kisu hiki hakipandi ndege."

Nilimwambia mimi ni bwana shamba. Nilimwambia kisu kile ni chombo cha kazi. Nilimwonyesha hata kitambulisho changu. Yeye akajibu kwa upole, "Ninakuamini, mzee. Lakini nikikupitisha wewe kwa sababu una uso mwema, kesho nitampitisha mwingine mwenye uso mwema."

Kisu kilibaki. Mimi nilinuna njia nzima. Nilijiona nimedhalilishwa. Baadaye nilijifunza kwa nini sheria ile ipo, na hasira yangu ikaisha.

Sheria ile haikuzuka tu. Tarehe 26 Februari 1982, ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania iliondoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Haikufika. Vijana waliopanda pamoja na abiria waliiteka nyara. Waliipeleka Nairobi, kisha Jeddah, kisha Athens, na mwisho Uingereza. Huko ndiko walikojisalimisha. Fikiri, ndugu msomaji. Mtu ameaga nyumbani kwamba anakwenda Dar es Salaam, naye anajikuta Ulaya mbele ya bunduki. Tangu zamani, basi, jambo hili ni letu pia. Si la wageni peke yao.

ASUBUHI YA MOMBASA

Sasa twende Mombasa, kwa jirani zetu wa Kenya. Ilikuwa tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi. Ndege ya abiria ya shirika la Arkia la Israeli ilikuwa inaruka kutoka uwanja wa Moi. Ndani yake walikuwamo abiria 261 na wafanyakazi 10.

Mara ndege ilipoinuka, makombora mawili yalirushwa kutoka ardhini. Makombora hayo ni ya aina ambayo mtu mmoja huweza kuyabeba begani. Yalipita karibu na ndege, lakini hayakuipiga. Rubani aliendelea na safari, na ndege ilitua salama Tel Aviv.

Saa ile ile, kaskazini ya Mombasa, mahali paitwapo Kikambala, gari lenye mabomu liliingia katika hoteli ya Paradise na kulipuka. Wakenya 10 waliuawa. Waisraeli 3 waliuawa. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji wa ngoma waliokuwa wanawapokea wageni. Watu hao walikwenda kazini asubuhi kama wewe unavyokwenda shambani.

Gaidi ni nani? Gaidi ni mtu anayeua raia ili awatie hofu wale waliobaki hai. Hofu ndiyo mbegu anayoipanda.

Sasa tazama jambo moja kubwa. Waliorusha makombora hawakuingia uwanjani. Hawakupita katika mashine. Hakuna askari aliyewapekua. Walisimama nje ya ua, mahali ambapo watu hupita na kufanya shughuli zao. Na silaha zile zilifikaje? Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2003 kwamba zilitoka Yemen, zikapitia Somalia, kisha zikaingizwa Kenya kwa njia ya bahari. Zilipita pwani, katika maboti, katika barabara na katika nyumba. Hazikudondoka kutoka mbinguni.

PANYA AKIINGIA GHALANI

Je, baada ya shambulio kama hilo, safari za ndege hurudishwaje? Mkulima anaweza kuelewa upesi. Fikiri juu ya ghala lako. Umekuta panya ameingia na kula mahindi. Utafanya nini?

Kwanza, utasimama. Huwezi kujaza mahindi mengine kabla hujajua mambo yakoje. Ndivyo inavyofanywa kwa ndege. Tarehe 15 Mei 2003 Serikali ya Uingereza ilipata onyo kwamba ndege zake zinaweza kushambuliwa Kenya. Ikazizuia ndege za mashirika yake zisiende huko. Zuio hilo lilidumu mpaka mwishoni mwa Juni. Mwezi huo wa Juni Kenya nayo ilizuia kwa muda ndege za kwenda na kutoka Somalia.

Pili, utatafuta tundu. Panya alipita wapi? Katika viwanja vya ndege wachunguzi huuliza hivyo hivyo. Adui alisimama wapi? Silaha alizipata wapi? Nani alimwona akanyamaza?

Tatu, utaziba. Utaweka bati katika miguu ya ghala. Utafyeka majani yaliyo karibu. Katika uwanja wa ndege ua hutengenezwa, na doria hufanywa ndani na nje yake. Abiria hupekuliwa. Mizigo hukaguliwa. Wafanyakazi wenyewe nao hukaguliwa na kupewa vitambulisho, kwa sababu panya mwingine hukaa ndani ya nyumba.

Nne, utamwita mwingine akague. Wewe mwenye ghala unaweza kusema, "Ghala langu ni zuri." Lakini anayetaka kuhifadhi mahindi yake kwako atataka kuona kwa macho yake. Nchi nazo hukaguana. Kanuni za kulinda safari za ndege ziliwekwa mwaka 1974 na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Kila nchi mwanachama hutakiwa kuzifuata. Hapa kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Hatua hii ya nne ndiyo ndefu kuliko zote. Ua unaweza kujengwa kwa miezi michache. Imani haijengwi hivyo. Kenya ilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwezi wa Februari 2017 Marekani ilikubali kwamba Kenya inasimamia usafiri wa ndege kwa kiwango kinachotakiwa duniani. Na tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways iliruka kwa mara ya kwanza moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York. Hesabu mwenyewe. Tangu asubuhi ile ya Mombasa ilikuwa imekaribia miaka 16.

MKULIMA HUUMIA WAPI?

Sasa ninamjibu mzee wangu. Ndege zikisimama, mkulima huumia.

Ndege ya abiria haibebi abiria peke yao. Chini ya viti vyao kuna nafasi ya mizigo. Wakulima wa Kenya hupeleka Ulaya maua na maharage mabichi kwa ndege. Ua likikatwa leo, halisubiri mwezi ujao. Maharage mabichi yakikaa, hunyauka. Wakulima wa Meru nao walikuwa wanapeleka miraa Somalia kwa ndege kila siku. Miraa ikilala siku chache haina mnunuzi. Mkulima huyo hakumwona gaidi hata mara moja. Lakini ndege ilipozuiwa, hasara ilimfuata mpaka shambani.

Na mtalii asipokuja, hoteli hainunui mayai, kuku, samaki wala mchicha. Mpishi hupunguzwa kazi. Anayeuza mchicha hurudi nao nyumbani.

Sisi korosho zetu hatuzipeleki kwa ndege. Ni kweli. Lakini dawa nyingi na chanjo za watoto wetu huingia nchini kwa ndege kabla ya kupakiwa katika magari. Na mkoani kwetu kuna uwanja wa ndege wa Songea. Ndugu yako akipata ugonjwa mkubwa, huenda uwanja huo ndio utakaomfikisha hospitali kubwa mapema.

Tena, sisi tunakaa karibu na mpaka. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, mashambulio ya magaidi yalianza Oktoba 2017. Agosti 2020 waliuteka mji wa Mocímboa da Praia. Mji ule, bandari yake na uwanja wake wa ndege vilikuwa mikononi mwao mpaka Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa. Waliokimbia walikuwa wakulima na wavuvi, watu wa namna yetu. Baadhi yao ni wa ukoo mmoja na watu wa upande huu.

KAZI YETU SISI

Tufanye nini, basi? Nitataja mambo manne.

La kwanza: tuheshimu ua. Mahali pengine watu hukata waya za uzio ili watege wanyama au wafungie mbuzi. Wengine hupita katikati ya uwanja kwa sababu ni njia ya mkato. Tundu analopita mbuzi hupita na mtu mbaya.

La pili: tutazame matendo. Mtu anachimba usiku na kufukia masanduku. Mtu anauliza kila siku ndege inaruka saa ngapi na askari wanabadilishana saa ngapi. Mtu anawaita vijana faraghani na kuwaahidi fedha bila kuwaambia kazi. Hayo ni matendo. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au polisi kata. Usimkamate mwenyewe. Usimpige.

La tatu: usiguse kitu usichokijua. Ukiona mzigo usio na mwenyewe, au chuma chenye umbo la bomu, kiache palepale. Waondoe watoto, kisha toa taarifa.

La nne ni zito kuliko yote. Tusihukumu watu kwa sura. Ukimwona mtu amevaa kanzu, au anasema Kiswahili cha ng'ambo ya mto, hilo si tendo baya. Huyo huenda ni mtu aliyekimbia mauaji yale yale tunayoyaogopa. Kule Kenya, watu wanne walishtakiwa kwa mauaji ya Kikambala. Juni 2005 mahakama iliwaachia kwa sababu ushahidi haukutosha. Mahakama ilidai ushahidi. Nasi kijijini tudai ushahidi kabla ya kumwita jirani gaidi. Ukimsingizia mtu kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba, umefanya kazi ya gaidi bila malipo. Maana yeye alitaka tuogopane, nawe umemsaidia.

Kumbuka yule askari kijana na kisu changu. Hakuniita mwizi wala adui. Hakuuliza dini yangu. Alikagua mfuko wangu kama alivyokagua mifuko ya wote, akachukua kile tu kilichokatazwa. Ulinzi mzuri ni huo.

Mzee wangu, umeniuliza ndege inakuhusu nini. Ulipokuwa kijana ulilinda shamba lako dhidi ya nguruwe. Hukusema, "Nitalinda tuta langu tu." Ulijua nguruwe akiingia kwa jirani, kesho atakuwa kwako. Ua wa uwanja wa ndege umejengwa na serikali. Lakini nje ya ua huo tunakaa sisi.

Mwezi ujao tutarudi kwenye mikorosho. Nitaeleza namna ya kubebesha miche. Kisu nimenunua kingine, na nikisafiri hukiweka katika mzigo mkubwa unaokabidhiwa kabla ya kupanda.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba, Namasakata

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Waliorusha makombora Mombasa walisimama wapi? Hilo linatufundisha nini?
2. Taja hatua nne za kurudisha usalama baada ya shambulio. Zilinganishe na ghala la mahindi.
3. Kuna tofauti gani kati ya kutoa taarifa juu ya tendo na kumshuku mtu kwa sura yake?
4. Katika kitongoji chako, ukiona jambo la hatari, utamwambia nani kwanza?