Maoni: Lenzi ya zamani inatufundisha kusalimia kabla ya kupiga foto

Asubuhi moja nilikuwa sokoni Kadutu. Nilisimama mbali, nikavuta kwa zoom sura za akina mama wanaouza sombe na sambaza. Mama mmoja akaniona. «Weye mwandishi, juu ya nini unatuibia foto? Kuya kwanza utusalimie!» Wenzake wakacheka. Mimi nikashusha kamera, kwa sababu mama yule alikuwa na haki.

Wiki chache baadaye nilirudi kwake na lenzi yenye umri kunizidi. Tangu siku ile nina msimamo huu: kijana wa Bukavu anayeanza kazi ya picha, na ambaye tayari ana kamera ya kisasa, asikimbilie kununua zoom ndefu. Atafute kwanza lenzi, au objektifu kama tunavyosema hapa kwetu, iliyotengenezwa kwa kamera za telemetri. Haitamgharimu pesa nyingi, na itamlazimisha kukaribia watu.

Wazee wanazikumbuka kamera hizo. Mpiga picha hakuangalia kupitia lenzi yenyewe. Aliangalia kwenye kadirisha ka juu, akaona picha mbili za mtu mmoja, akazungusha lenzi mpaka picha hizo zikawa moja. Leica ya Ujerumani ilikuwa na mfumo huo tangu 1932, na Wasovyeti wakatengeneza zao, FED na Zorki. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya karibu kazi yake yote kwa Leica na lenzi ya milimita 50.

Lenzi yangu ni Jupiter-8, ya milimita 50 pia, kutoka Umoja wa Kisovyeti. Nilipewa na mzee aliyekuwa akipiga foto za harusi. Ndugu yake aliileta kutoka masomoni Moscow. Si ajabu. Wakongomani wengi walisoma kule, na chuo kikuu kimoja cha Moscow kilipewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961, mwaka ule ule aliouawa. Huenda katika masanduku ya baba zetu kuna Zorki nyingine zinazolala.

Je, lenzi kama hiyo inaingiaje kwenye kamera ya leo? Jibu ni umbali. Lenzi za skrubu za Leica na Zorki zinataka kukaa milimita 28.8 mbele ya filamu. Kamera za dijitali zenye kioo ndani haziziwezi: ile ya Canon EF, kwa mfano, inaweka lenzi kwenye milimita 44. Lakini kamera mpya zisizo na kioo zina nafasi fupi. Sony E ni milimita 18, Nikon Z ni 16. Basi pete ya chuma inajaza tofauti. Kwa Sony ni milimita 10.8. Pete hiyo inauzwa kwa makumi machache ya dola, na Jupiter-8 yenyewe hupatikana kwa makumi ya dola, wakati zoom mpya ya kitaalamu inaweza kupita dola elfu moja. Halafu unaingia kwenye menyu ya kamera, unairuhusu kupiga bila kutambua lenzi, na kazi inaanza.

Lakini pesa si sababu yangu kubwa. Lenzi hii haivuti kitu cha mbali. Ukitaka sura ya mtu, lazima usogee mpaka mita moja au mbili, pale ambapo salamu haiepukiki. Na kwa kuwa haijilengi yenyewe, unazungusha kwa mkono, sekunde mbili, tatu. Hizo sekunde ni za yule mtu. Ana nafasi ya kutabasamu, kugeuza uso, au kukataa. Simu pia inakulazimisha kukaribia, ni kweli, lakini inapiga kabla mtu hajasema neno.

Katika mji uliopita vita ya 2004 na ya Februari 2025, jambo hili si la adabu tu. Foto iliyopigwa kwa siri inaweza kumponza mtu. Na kwa miaka mingi Kivu imeonyeshwa duniani kwa picha za watu wasio na jina, waliopigwa kutoka dirisha la gari. Hatuwezi kulalamika juu ya wageni wakati sisi wenyewe, watoto wa hapa, tunafanya vile vile.

Wapo watakaosema ninapenda vya kale. Nakubali mipaka. Kwa mpira, kwa watu wanaokimbia, kwa usiku wa fujo, tumia lenzi ya kisasa inayojilenga. Lenzi pana sana za telemetri zinasumbua pia: kioo cha nyuma kinakaribia mno sensa, pembe za picha zinapoteza rangi au ukali. Anza na milimita 50, au 35. Na kabla ya kulipa, washa tochi ya simu na uangalie ndani ya vioo. Kwa mvua na unyevu wa Bukavu, ukungu hujenga humo kama utando wa buibui, na ukikaa sana unaharibu kioo. Usiifungie lenzi katika kifuko cha ngozi kwenye kabati lenye unyevu.

Kwa familia zilizo na kamera za wazee: msiziuze kwa bei ya chuma chakavu kabla mtu anayejua hajaziangalia. Kwa wakubwa wa vyombo vyetu vya habari: mnapomtuma kijana sokoni, msimhukumu kwa wingi wa foto. Mwulizeni amezungumza na watu wangapi.

Yule mama wa Kadutu nilimpiga foto moja tu siku ile. Alisahihisha kitambaa chake kwanza, akainua kichwa, akanitazama usoni. Nilimpelekea nakala ya karatasi. Sasa nikipita sokoni, yeye ndiye anayenisalimia wa kwanza.